Kitunguu cha paundi 1,850: nani hasa anayeimaliza snodropu?

Kila Februari magazeti ya Uingereza hujipatia kicheko cha bure. Mwaka 2015 kitunguu kimoja cha ua la snodropu (si cha kula, ni kile cha ardhini ambacho ua huota kutoka kwake), kimoja tu, kiliuzwa kwenye mnada wa eBay kwa paundi 1,390. Kiliitwa 'Golden Fleece'. Mwaka 2022 'Golden Tears', kutoka kwa mkulima yuleyule, Joe Sharman wa Cambridgeshire, ikafika paundi 1,850. Watu wakauliza yale yanayoulizwa kila mwaka: hawa wana akili timamu? Fedha zimekosa pa kwenda? Siku hizi limeongezeka na shitaka zito zaidi, kwamba tamaa ya watu hawa ndiyo inayolifyeka ua hilo porini. Kicheko nakielewa. Shitaka ndilo lililonifanya niandike.

Snodropu, ambayo kwa jina la kisayansi ni Galanthus, ni ua fupi, jeupe, lenye kuinamisha kichwa, na hutoka wakati sehemu kubwa ya Ulaya bado ina baridi kali. Lina petali tatu ndefu kwa nje na tatu fupi kwa ndani, na zile za ndani zina alama ya kijani. Mchezo wote uko kwenye alama hiyo: ni moja au mbili, ina umbo gani, ni ya kijani au ya njano. Spishi za asili ni kama ishirini, lakini aina zilizopewa majina na wapenzi wake zimepita elfu mbili.

Mauzo yao ya msimu yana hali yake. Mlango wa ukumbi haujafunguliwa, foleni imeshapinda kona. Ndani, meza ndefu zimejaa vikopo vya plastiki, kila kikopo na mche mmoja wenye ua moja. Mzee mwenye koti zito anainama, anapeleka kidole chini ya ua, analiinua kidevu, anachungulia, analiachia, anahamia la pili. Nyuma yake mwingine ameshanyakua vikopo vitatu bila kuchungulia chochote, maana orodha anayo kichwani. Baada ya muda mfupi vile adimu vimekwisha, na watu wanabaki na chai yao wakipeana habari za ukungu na konokono. Wengine huzunguka bustani kama Colesbourne Park huko Gloucestershire, iliyokuwa nyumbani kwa Henry John Elwes, mtaalamu wa mimea aliyekutana na snodropu yenye majani mapana karibu na Izmir, Uturuki, mwaka 1874. Leo spishi hiyo inaitwa Galanthus elwesii.

Wanaowalaumu hawasemi uongo mtupu. Wizi upo, na ndiyo maana baadhi ya wenye bustani huondoa vibao vya majina au huzificha aina adimu nyuma ya nyumba. Walanguzi wapo. Zipo aina "mpya" ambazo hata mwenye macho mazuri hawezi kuzitofautisha na za jirani bila kupiga magoti kwenye tope. Ukungu wa Botrytis galanthina nao husafiri vizuri sana kwenye vikopo vya kupeana. Na mwaka 2019 wanasayansi walipoitangaza Galanthus bursanus ya Uturuki, spishi iliyogunduliwa baada ya picha zake kuwekwa Facebook, ilitangazwa pamoja na onyo kwamba iko hatarini kabisa kutoweka. Kwa spishi ya namna hiyo, mkusanyaji mmoja mwenye uchu na jembe dogo ni hatari ya kweli. Hapo sina la kumtetea.

Lakini bei ile kubwa inalipia nini? Inalipia miaka. Ukichavusha snodropu mbili leo, mbegu itachukua kama miaka mitatu au minne kukupa ua la kwanza, na mara nyingi ua hilo si ulilolitaka. Unachagua, unachavusha tena, unasubiri tena. Vizazi vitatu tu, muongo umepita. Ukishalipata, una kitunguu kimoja. Kukiongeza ni kazi ya wembe: kinakatwa vipande vyembamba, kila kipande kikibaki na maganda mawili na kijisehemu cha kitako, kinapakwa dawa ya ukungu, kinafungwa gizani ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki kadhaa mpaka kichomoze vitoto vidogo. Vitoto hivyo navyo vinataka miaka kadhaa ya kulelewa kabla ya kuchanua.

Mnunuzi wa kwanza, basi, anagharimia miaka iliyopita na anafungua njia ya bei kushuka. Aina iitwayo 'E. A. Bowles' ilinunuliwa kwa paundi 357 mwaka 2011. Sasa inapatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. 'S. Arnott', iliyowahi kuwa hazina ya wachache, imejaa kwenye bustani za kila mtu. Na 'Elizabeth Harrison', iliyofika paundi 725 mwaka 2012, ilinunuliwa na kampuni ya mbegu ya Thompson & Morgan. Kampuni ya mbegu hainunui kitunguu cha bei hiyo ili ikitazame. Inanunua ili ikizalishe.

Na hapa ndipo shitaka la kufyeka pori linapokwama. Mtu wa kwenye foleni anataka mche wenye jina na nasaba, uliotoka kwa fulani aliyeupata kwa fulani. Kitunguu kilichochimbwa mlimani hakina jina. Kwake, isipokuwa kwa spishi chache kama ile Galanthus bursanus, hakina thamani.

Vinavyochimbwa huenda wapi? Kwenye mifuko ya bei rahisi. Georgia peke yake, nchi ya Kaukasi, imekuwa na kiwango cha kuuza nje vitunguu milioni 15 vya Galanthus woronowii kwa mwaka. Namba hiyo hunikera kila nikiifikiria. Ungechimba kimoja kila sekunde, usiku na mchana, bila kula wala kulala, ungemaliza siku 173 na ushee. Vitunguu hivyo hupitia kwa wafanyabiashara wa Uturuki na Uholanzi, kisha huishia kwenye rafu za supamaketi, kumi kwenye mfuko, na mnunuzi huvitupia kwenye kikapu pamoja na mayai. Huyo hachekwi na gazeti lolote. Galanthus elwesii ya Uturuki nayo ilidhoofishwa na miongo ya uchimbaji wa biashara hiyohiyo ya jumla.

Sisemi hata hao wa Georgia ni wezi. Uchunguzi wa wataalamu wa Kew, bustani ya kitaifa ya mimea ya Uingereza, na wenzao wa huko ulikuta vitunguu vingi vikitoka kwenye vishamba na mashamba yaliyoachwa, na wanakijiji hupata kipato humo. Ua la Usambara, lililopelekwa Ujerumani kutoka Tanga miaka ya 1890, ni mfano mwingine: madirisha ya Ulaya yamejaa watoto wa vitaluni, na linalolitisha kwao ni kukatwa kwa msitu. Pori huliwa na mengi, na mpenzi wa maua huwa karibu na mwisho wa orodha.

Sheria, hata hivyo, humbana yeye kwanza. Snodropu zote zimo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, tangu 1990, orodha ya vile vinavyouzwa nje kwa vibali tu, za porini na za vitaluni pamoja. Tangu Uingereza ilipotoka kwenye soko la Ulaya mwaka 2021, mkulima mdogo wa Ubelgiji anayetaka kuleta vikopo hamsini kwenye maonyesho ya Uingereza anahitaji vibali vya CITES na cheti cha afya ya mimea, kwa miche aliyoikata mwenyewe kwa wembe jikoni. Mwenye shehena ya milioni ana karani wa makaratasi hayo. Yeye hana, kwa hiyo wengi wa aina yake wameacha kuja.

Watetezi wa utaratibu huo wana hoja moja nzito: afisa wa forodha akishika kitunguu kilicholala, yaani kisicho na majani wala ua, hawezi kujua kimetoka kitaluni au mlimani. Ni kweli. Ila CITES yenyewe imeshalijibu swali hilo kwa ua jingine. Aina za vitaluni za Cyclamen persicum zimesamehewa vibali, isipokuwa zinaposafirishwa zikiwa viazi vilivyolala. Snodropu za kwenye maonyesho husafiri mbichi, majani yakiwa yamesimama, ua juu na kibao cha jina pembeni. Kifungu cha namna hiyo kingeziachia hizo zipite, na mifuko ya vitunguu vilivyolala ingebaki palepale, mikononi mwa afisa.