Hii #endif ni ya Nani?

Jamani, nisiposema leo nitapasuka. Nani aliwafundisha hawa vijana kufunga sharti kwa #endif tupu, bila jina, bila ukoo, mistari 300 chini ya pale lilipofunguliwa?

Kwa asiyeijua kazi yetu: tunaandika programu kwa lugha ya C, ya kifaa kidogo kinachosoma mita za maji. Kifaa ni kimoja lakini wateja wana mambo. Wa Mbarara anataka chenye laini ya simu, wa Gulu anataka chenye betri kubwa, na yuko mmoja hapa Kampala anataka chenye skrini ingawa kitafukiwa ardhini. Hatuwezi kuandika programu tatu, basi tunaandika moja na vipande vyake tunaviwekea masharti: #ifdef SKRINI, yanafuata mambo ya skrini, kisha #else na mambo ya wasio na skrini, kisha #endif. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, haijaanza kazi yenyewe, priprosesa inapita kwanza na panga lake, inafyeka kisichotakiwa na kubakiza kinachotakiwa. Kazi safi kabisa, kama ingeishia hapo.

Haiishii hapo. Ndani ya SKRINI mtu kaweka BETRI, ndani ya BETRI mwingine kaweka LAINI, na mwisho wa faili unakuta #endif zimepangana, zote sura moja. Umewahi kuosha vyombo baada ya kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kutambulisha mchumba? Sufuria zimeazimwa mtaa mzima, mifuniko imerundikwa pembeni, na kila mama kakusimamia kichwani anataka wake. Ndiyo kazi yangu hiyo, tena kwa mshahara unaochelewa.

Dawa inajulikana zamani. Unaliandika jina la sharti kwenye komenti, maneno ya kusomwa na watu tu, pembeni ya #endif: #endif /* SKRINI */. Basi. Watu wa Linux wameliweka hilo kwenye mwongozo wao: kipande kikizidi mistari michache, taja sharti kwenye mstari uleule wa #endif. Watu wa FreeBSD, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta kama Linux, nao wanaikubali lebo, ila wanataka vipande vifupi viachwe vipumue. Mpaka wao ni mistari 20. Sasa hapo nani atabisha?

Ofisi nzima.

Chukua #else. Tumefungua na #ifdef SKRINI. Mwenzetu mmoja aliyelelewa na FreeBSD anaandika #else /* !SKRINI */, halafu anamaliza na #endif /* SKRINI */. Yaani kwenye #else unataja kinyume, mwisho unataja sharti lilivyokuwa mwanzo. Mzee wetu wa Arua, aliyenyonya maziwa ya GNU, mradi wa programu huria wenye mwongozo wake, anaandika #else /* not SKRINI */, na chini anamaliza na #endif /* not SKRINI */, kwa hoja kwamba kinachofungwa pale ni kipande cha mwisho, cha wasio na skrini. Kila mmoja ana mwongozo uliochapishwa wa kukutolea mezani. Na wote wawili wamepita kwenye faili moja! Nikikuta #endif /* not SKRINI */ sijui kama hapo juu kuna #ifndef, yaani "kama haipo", au ni #ifdef ya kawaida na mzee alipita.

"Mzee wangu," nikamwambia, "si tukubaliane tu?"

"Mimi nimeanza C wewe ukiwa na kaptula."

Kwa mzee ukishajibiwa hivyo unashukuru, unarudi kwenye kiti chako.

Halafu kuna anayeandika #endif SKRINI, jina likiwa uchi, bila alama za komenti. Zamani kompaila nyingi zilivumilia. Kiwango cha C cha 1989 kikakataza, na GCC, kompaila ya GNU, mpaka leo inanung'unika kwamba kuna maneno ya ziada baada ya #endif. Nikimwonyesha ananijibu, "Onyo tu hilo, ssebo, si kosa." Ana boda pia, na taa nyekundu za Wandegeya anazisoma hivyohivyo. Mwingine ni wa mikwaju miwili, #endif // SKRINI. Hiyo iliingia rasmi na C99, kiwango cha C cha 1999, kwa hiyo simgombezi, ingawa kompaila ya toleo letu la kwanza ni bikizee na ikiona mikwaju miwili inazimia.

Hao wote nawasamehe. Simsamehi mwongo. Komenti haina wa kuikagua: inageuzwa nafasi moja tupu kabla priprosesa haijatekeleza sharti lolote, kwa hiyo inaweza kukaa pale inadanganya miaka na miaka na programu inakompaili bila kukohoa. Mtu anakopi kipande cha BETRI, juu anabadilisha kuwa LAINI, chini anaacha /* BETRI */. Mwingine anapanua sharti kuwa #if defined(LAINI) && !defined(SKRINI), chini lebo imebaki ileile ya enzi za babu. Anayekuja nyuma anaiamini, anaweka mistari yake mahali anapodhani betri imeishia, na kifaa cha Gulu kinanyamaza wiki nzima. Simu anapigiwa nani? Afadhali basi hiyo #endif tupu. Imekunyima jina, lakini angalau haijakupa la jirani.

Mwishowe bosi akaitisha kikao. Chai ya maziwa, mandazi, mlango umefungwa. Nikawaambia chagueni mtindo wowote, hata ule nisioupenda, mradi uwe mmoja na anayegusa sharti la juu aguse na komenti ya chini. Tukabishana mpaka chai ikatanda utando. Tukaishia kwa FreeBSD. Mzee aliguna, na mguno wa mzee hapa ofisini una nguvu ya muhuri. Bosi akafunga daftari.

Ndipo kijana wetu wa mafunzo, mtoto wa juzi kabisa, akanyoosha mkono.

"Bosi, C23, kiwango kipya cha C, imeleta #elifdef na #elifndef. Hizo za katikati nazo tunaandika kinyume cha ipi?"

Mzee akavua miwani. Mwenzake wa FreeBSD akasogeza kiti mbele. Bosi akafungua tena daftari. Sahanini yalikuwa yamebaki mandazi mawili. Nikayachukua yote, nikatoka.