Visima vya sadaka na chumvi ya Batinah

Hapa Muscat, Oman, ninapoishi, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100. Unguja, kwa masika na vuli, tunapata zaidi ya 1,500. Lakini nikipiga simu nyumbani, salamu zikisha tu habari ni maji: mfereji haujatoa tangu juzi, watoto wamekwenda na madumu kwa jirani mwenye kisima.

Wenzangu husema Oman wana pesa ya kusafisha maji ya bahari. Kweli, lakini gesi inachomwa kwa ajili hiyo na maji ya chumvi kali yanarudishwa baharini. Hilo siwasifu. Ninachowasifu ni falaji, mifereji yao ya kale ya kugawana maji.

Nenda Nizwa ukaitazame Falaj Daris, moja ya tano zilizoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yanakuja chini kwa chini kutoka mlimani, bila mota. Yakitokeza, kwanza watu wanateka ya kunywa, kisha msikiti, kisha ndiyo mitende. Kila mwenye shamba ana zamu yake, nayo hupimwa kwa muda: mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku, zamani, kwa nyota. Zamu ikisha, njia inazibwa huku, inafunguliwa kule. Tajiri anaweza kumiliki zamu nyingi, lakini ya mwenzake haigusi.

Waomani hao hao walipopata mota, adabu hiyo iliwatoka. Pwani ya Batinah kila shamba lilichimba kisima chake na kuvuta litakavyo. Maji matamu ya pwani hukaa juu ya maji ya bahari. Ukiyavuta kupita kiasi, bahari inapanda. Mitende ikafa, mashamba yakahamwa, ndipo serikali ikaanza kudai vibali na kuzuia visima vipya. Chumvi ilikuwa imeshaingia.

Na sisi tumeshika njia ile ile. Kwetu mtu akiwa na kiwanja huona na maji ya chini ni yake. Hoteli za mwambao wa kaskazini na mashariki zinajaza mabwawa ya kuogelea, na mwanamke wa kijiji cha jirani anateka maji ya magadi. Juu, karibu na Masingini na Bububu, nyumba zinasogelea vianzio vya maji na mashimo ya vyoo yanachimbwa. Chemchemi za upande ule ndizo Sayyid Barghash, sultani wa zamani wa Zanzibar, alizotandikia mabomba kuuletea mji maji.

Sisi tulio nje tumo pia. Mzazi akifariki tunachanga, kinachimbwa kisima cha sadaka, picha inaletwa WhatsApp, tunaitikia dua. Nia ni njema, Mungu aitakabalie. Lakini hakuna anayeuliza mtaa ule una visima vingapi tayari, wala maji yalikuwa urefu gani miaka kumi iliyopita.

Mimi naona sadaka hiyo ihamie juu ya mapaa. Paa la bati la msikiti lenye mita 200 za mraba, kwa mvua yetu, linapokea lita 300,000 kwa mwaka, na karibu zote zinamwagika barabarani. Mabomba ya kuyakinga na tangi kubwa la saruji vinawezekana kwa mchango wetu. Hoteli nazo zifungiwe mita kwenye kila kisima, na zilipie kila lita. Tukichanga tena hapa Muscat, fungu langu nataka liende kwenye tangi la madrasa, na hoja hiyo nitaisimamia mbele ya wazee.