Kaptula ya Baiskeli Ukweni

Mtu aliyejifunza kupanda milima akiwa Dar es Salaam hana budi kukiri mapema kwamba hakujifunza kupanda chochote. Kwa miezi minne nilikuwa nikiamka alfajiri, naendesha baiskeli hadi Daraja la Tanzanite, nalivuka mara sita kwenda na kurudi, na kwa kuwa daraja hilo limeinuka kidogo juu ya bahari, nilianza kujihesabu miongoni mwa wapanda milima. Ndipo nikatangaza mbele ya mke wangu na ndugu zake kwamba safari hii sitakwenda ukweni Lushoto kwa basi kama watu wengine. Nitashuka Mombo, na kutoka hapo nitapanda Usambara kwa nguvu za miguu yangu.

Mke wangu hakuwa na shaka na miguu. Shaka yake ilikuwa juu ya kaptula, ile nyeusi ya kubana ambayo waendesha baiskeli huvaa na ambayo imeshonewa sponji kati ya mapaja ili tandiko lisimchubue mtu. Nilimweleza kwa utaratibu faida zake zote. Shemeji yangu, aliyekuwa amekaa kimya akinywa chai, aliuliza kama hiyo ni kaptula au ni rangi nimejipaka. Tukaafikiana kwamba nitaivaa ndani ya suruali hadi Mombo, nitapanda nayo mlima, na nikikaribia Lushoto nitajificha mahali, nivae suruali na shati la mikono mirefu, kisha niingie kwa wakwe kama mwanamume mwenye familia. Nguo hizo, pamoja na kanzu ya baba mkwe na doti mbili za kanga za mama mkwe, zilipangwa katika begi moja la bluu. Nalitaja begi hili kwa heshima kwa sababu lilifika mbali kuliko mimi.

Basi liliondoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi. Chalinze tulipita, Segera tukaiacha njia ya Tanga upande wa kulia, tukapita mashamba ya mkonge ya Korogwe, na kabla ya adhuhuri nikashushwa Mombo penye jua kali. Utingo alitoa begi kwanza, kisha baiskeli, ambayo gurudumu lake la mbele lilikuwa limenasa kwenye tenga la kuku wa abiria mwingine. Nikavua suruali palepale nyuma ya basi, nikaitia ndani ya begi, nikaliweka begi chini karibu na buti, nikainama kurekebisha gurudumu. Utingo yule alikuwa kijana mwaminifu sana. Alipoona begi limeachwa chini bila mtu, alilirudisha ndani ya buti, akafunga mlango vizuri, akagonga ubavu wa basi mara mbili, na basi likaendelea na safari yake kuelekea Arusha.

Nilibaki na baiskeli, simu, chupa mbili za maji na kaptula. Nilipompata kondakta kwa simu, alinihakikishia kwamba begi liko salama kabisa na kwamba litarudi kesho kutwa. Mtu mwenye akili angeingia duka la nguo hapohapo Mombo. Mimi nilipiga hesabu: kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, kwa mwendo wangu wa Tanzanite ningefika kabla ya saa tisa, maduka yakiwa wazi, na ningechagua suruali kwa utulivu. Kwa nini nibebe mzigo mlimani?

Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba Lushoto iko juu ya Mombo kwa karibu mita 1,000, na daraja langu halikunieleza habari hizo. Barabara inaingia kwenye korongo la mto na kupanda nalo, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, kona baada ya kona, na kila kona nilipoamini kuwa ndiyo ya mwisho ilinifungulia nyingine iliyo kali zaidi. Kufikia kilomita ya tano nilikuwa nimekwisha tumia gia zote, hata ile ndogo kabisa ambayo fundi wa Kariakoo aliniambia kuwa ni ya wazee. Malori yaliyosheheni kabichi na karoti za kwenda sokoni Dar es Salaam yalishuka yakipiga honi, na madereva wakapunguza mwendo kunitazama, jambo ambalo mwanzoni nililichukulia kama heshima. Watoto wa shule walinipita kwa miguu. Waliniamkia kwa adabu, “Shikamoo,” wakatembea hatua chache, kisha wakageuka wote kwa pamoja ili waitazame kaptula vizuri.

Hata hivyo nitasema kweli: korongo lile ni zuri. Joto la Mombo linabaki chini, hewa inaanza kuwa na ubaridi wa majani, na unapokaribia Soni, kama nusu ya njia, unasikia maporomoko ya maji kabla hujayaona. Nilisimama nikayatazama kwa muda mrefu, hasa kwa sababu miguu ilikataa kufanya jambo lolote jingine. Kisha nikainua macho kuelekea stendi ya Soni, nikaona wanawake watatu wamesimama chini ya mwavuli mmoja. Wa katikati alikuwa mama mkwe.

Mke wangu alikuwa amewapigia simu. Mkwe anayekuja kwa baiskeli kutoka bondeni hasubiriwi nyumbani, hupokewa njiani, na mama alikuwa ameshuka Soni pamoja na shangazi wawili wa mke wangu, ndimi zao zikiwa tayari kwa vigelegele. Barabara ni moja tu. Kulia mwamba, kushoto maji. Sikufikiri hata kidogo; niligeuza usukani na kuanza kuteremka bonde lile nililokuwa nimelipanda kwa saa tatu.

Kuteremka nako kuna elimu yake. Mtu anayeshikilia breki bila kuachia hupasha moto ringi, mpira wa breki huanza kunuka, na kadiri unavyobana ndivyo baiskeli inavyokusikia kidogo. Nilifanikiwa kusimama baada ya kilomita nne hivi, mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akiuza plamu kando ya njia, na nilisimama kwa kuegemea ukingo wa barabara. Nilimweleza shida yangu yote. Bibi alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akaiondoa kanga iliyofunika kapu lake, akaikung'uta, akanifunga kiunoni kwa mkono wake mwenyewe kama anayemfunga mwali, akapokea shilingi elfu tano, na akanizawadia plamu sita. Sikusoma maandishi ya kanga. Yalikuwa nyuma yangu.

Nilipanda tena. Saa kumi na moja jioni nikaiona stendi, na wale wanawake bado wapo, kwa sababu heshima ya Kishambaa haiendi nyumbani mapema. Nilijinyoosha juu ya tandiko, nikapiga kengele, vigelegele vikaanza, na hatua kumi kutoka kwao upindo wa kanga ukaingia kwenye mnyororo.

Mnyororo hauli nguo kidogo kidogo. Ulivuta kanga yote ya upande wa kulia, ukanivuta nami kutoka kwenye tandiko, nikabaki nimeinama na kiuno kimefungwa kwenye baiskeli kama mbuzi wa Idi. Kila nilipojaribu kusimama, gurudumu lilizunguka kidogo na kunibana zaidi. Fundi wa pale stendi alikuja na kisu, akanizunguka mara mbili akitafakari, akasema gia ni ghali kuliko kitambaa, na akaikata kanga bila kuniuliza.

Kilichobaki mwilini hakikutosha hata kufunika chungu. Vigelegele vilikuwa vimenyamaza. Shangazi mkubwa, ambaye macho yake bado ni mazima, alisoma kwa sauti ile sehemu iliyokuwa imezungushwa kwenye mnyororo: “Mwenye macho haambiwi.” Kisha akanyamaza, akainamisha kichwa upande, akasoma neno moja lililobaki nyuma yangu: “Tazama.”

Nilipata nguvu ya kusema, “Shikamoo, mama.”

Mama mkwe alikuwa amekwisha nigeuzia mgongo zamani, ameukabili mto, mwavuli ameushusha hadi mabegani. “Marahaba, baba,” aliyajibu maporomoko. “Karibu sana. Wote hamjambo huko Dar es Salaam?”