Niachieni Kona Yangu Chafu

Kati ya tangi letu la maji na lile jabali ambalo mafundi watatu wamelitazama wakaliacha, kuna kipande cha ardhi cha hatua saba kwa tano hivi. Nyasi zimefika magotini. Kuna mpapai mmoja, kichaka cha lantana kilichojiotea bila kuniomba ruhusa, na rundo la matawi niliyoyakata mwaka juzi nikisema nitayachoma Jumamosi. Mgeni akiingia getini macho yake hutua hapo kwanza, halafu hunigeukia mimi, kwa huruma. Mume wangu hupaita "hifadhi ya taifa". Anasema Saanane, kile kisiwa cha hapa Mwanza, ilipandishwa hadhi mwaka 2013 ikawa hifadhi ndogo kuliko zote nchini, na sasa mkewe ameipokonya sifa hiyo. Jirani yangu, mama mtu mzima asiyejua kuzunguka na maneno, aliniambia: "Mama Neema, humo siku moja utatoa nyoka."

Nyoka sijamtoa. Nilichotoa humo ni aina 31 za ndege. Nimewaandika nyuma ya daftari la kikoba, mpaka siku moja mweka hazina alilifungua upande usio wake akauliza huyu Kuzumburu ni nani na anadaiwa shilingi ngapi.

Niseme wazi nilichonacho moyoni: usafi wetu wa uwanja umepita kiasi. Tumelelewa kwamba mwanamke mwenye akili anaamka na ufagio wa chelewa, anafagia mpaka udongo unabaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Sawa, nami nafagia. Lakini siku hizi hatuishii hapo. Mtu akipata fedha kidogo tu, cha kwanza anafyeka kila kilicho kijani, cha pili anauzika uwanja mzima chini ya pevingi, kisha anaweka chungu kimoja chenye ua la plastiki. Mvua ikinyesha maji hayana pa kuzama, yanateremka kilimani kwa hasira yakaingie kwa walio chini. Na ndege? Ndege anatua pale afanye nini?

Tunakaa Nyegezi, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, upande wa kuteremkia Luchelele. Asubuhi, kabla jua halijachomoza, natoka na kikombe cha chai nakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Wa kwanza kuamka ni kwarara. Huyo hahitaji utangulizi: anapita juu ya bati akipiga kelele zilizompa jina lake, kwaa, kwarara, na wewe uliyepanga kulala mpaka saa moja mipango yako imeishia hapo. Wakitua nyasini, mmoja mmoja, wanachomeka ule mdomo mrefu uliopinda kama mundu ndani ya udongo laini na kuvuta minyoo na mabuu. Wanatua kwenye nyasi zangu. Kwa jirani yenye pevingi hawashuki.

Halafu anaingia tiva. Huyu alinichezea akili karibu mwaka mzima. Nilikuwa nasikia ndani ya lantana sauti nene ya filimbi, mara tatu, ikifuatiwa na mkwaruzo kama wa mlango uliokauka bawaba. Nikasema, ndege gani huyu mwenye koo mbili? Siku moja kichaka kikatikisika nikawaona: wako wawili, weusi mgongoni na weupe tumboni, mmoja amekaa juu na mwenzake chini karibu na matawi yangu yasiyochomwa. Mmoja anaanza, mwingine anamalizia, na hakuna hata upenyo wa kupitisha uzi kati ya sauti ya huyu na ya yule. Nimeolewa miaka 22 na bado mimi na mzee wa nyumbani tunakatizana tukisimulia habari moja. Huku ziwani tiva ana ndugu yake mwenye kifua na tumbo jekundu la damu, na kichwa cheusi. Yeye naye huimba wawili wawili, lakini ana haya, ukiweka kikombe chini kwa kishindo ameshapotea.

Chozi yeye hana haya hata kidogo. Dume lake ni kijani cha kumetameta, kifuani ana mkanda mwekundu, na mwili wake mzima ni kama kidole gumba chako. Huyo amegombana na pikipiki ya mume wangu tangu Februari. Anatua kwenye usukani, anamwona dume mwingine ndani ya kioo, anamvaa. Anapumzika, anamvaa tena. Kioo chote kinabaki na alama za mdomo na vitu vingine ambavyo sitavitaja kwa kuwa watu wengine wanasoma wakiwa wanakula. Sasa kila jioni mzee wa nyumbani, yule yule aliyesema ndege ni mambo ya watalii, anavivalisha vioo vyote viwili soksi kuukuu. Kila kimoja na soksi yake.

Ila yote haya ni chai tu. Mlo wenyewe uko kwa mnana, na mnana hayuko kwangu, yuko kwenye mwarobaini wa jirani wa nyuma, tawi lililoning'inia upande wetu. Mvua za vuli zikishika na majani yakawa mabichi, madume wa njano wenye vichwa vyeusi wanaanza kazi. Dume anashika jani la nyasi kwa mdomo karibu na shina, analikata, kisha anaruka nalo na utepe mrefu unachanika nyuma yake. Anaufunga kwenye kijitawi, anafuma pete ya kusimamia, na kutoka hapo hahami: anasimama ndani ya pete anafuma mbele na nyuma hadi pale mdomo unapofikia. Kisha ananing'inia chini ya nyumba kichwa chini, anapigapiga mabawa na kupiga makelele kama kondakta wa daladala anayegombania abiria.

Jike anakuja. Anaingia, anatoka. Anavutavuta uzi huu na ule kwa mdomo. Mara nyingi anaondoka bila hata kuaga. Sasa nyumba ya nyasi ina siku zake: ikiwa kijani inapendeza, ikishakauka na kuwa kahawia hakuna jike anayeitaka, na dume aliyekataliwa huibomoa mwenyewe, uzi mmoja mmoja, akaanza upya. Mwaka jana nilimfuatilia mmoja aliyebomoa nyumba tatu. Nilianza kumwonea uchungu kama mtoto wa dada yangu. Ya nne jike aliingia, akakaa kitambo, akatoka na kurudi na kinyoya mdomoni. Nilipiga kelele peke yangu jikoni, na nilikuwa nimeshaunguza vitumbua.

Mtu wa kamera na safari za siku mbili hawezi kuyaona hayo. Hayo anayaona aliyekaa mahali pamoja, kila siku, akiwa na sababu nyingine ya kuwa pale.

Na matembezi ni vilevile. Natembea asubuhi tatu kwa wiki kuteremka mpaka ziwani na kurudi, njia ile ile, na watu hunishauri nibadilishe njia nisichoke. Ushauri mbaya. Njia ukiijua ndipo unaona kilichobadilika. Wapo pia wale wa hatua 10,000, wanaotembea na simu mkononi wakiuliza zimebaki ngapi, na wale wa klabu za jogingi wenye fulana za rangi moja na nyimbo. Sina ugomvi nao, wana afya na mimi nina kiuno. Lakini wakipita, kwa dakika kumi zinazofuata hakuna kiumbe chenye manyoya kinachobaki kwenye matete.

Ziwani kuna mzee mmoja anayeshona nyavu, ananiita "mwangaluka mayu" kabla sijafika, nami namwitikia kwa Kisukuma changu cha kuungaunga. Pale kwenye nguzo ya mtumbwi wake ndipo anapokaa mdiria, yule wa madoa meusi na meupe. Ukitaka kujua dume na jike, tazama kifua: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja, nao umekatika katikati. Anaruka hadi juu ya maji kama ghorofa mbili hivi, anasimama hewani papo hapo, mabawa yanapepea kwa kasi lakini kichwa hakitikisiki kabisa, kama kimepigiliwa msumari. Kisha anajiachia. Mara nyingi anatoka mtupu. Akipata, anampigapiga samaki kwenye nguzo, kushoto kulia, ndipo anammeza kuanzia kichwani. Mzee wa nyavu anasema huyu ndiye mvuvi pekee asiyemkopa mafuta.

Mbele kidogo, kwenye mtini mkubwa, kuna kiota cha fundichuma, rundo la vijiti kubwa kama banda la kuku, lenye mlango mdogo wa udongo kwa chini. Wazee wengi hawataki mtu akiguse. Sijui nani aliwaambia nini, lakini mti ule umesalimika na shoka kwa ajili hiyo, wakati miti iliyokuwa jirani yake imegeuka mkaa. Imani hiyo mimi siipingi.

Kuanzia Septemba hivi mbayuwayu wanarudi kutoka Ulaya. Kuna asubuhi ziwani huinuka vijidudu kwa mamilioni, unaviona kwa mbali vimesimama juu ya maji kama moshi wa kijiji kinachoungua. Kwetu ni adha, vinaingia puani na kwenye uji. Kwa mbayuwayu ni harusi. Wanapita chini chini na mikia yao ya panda, wanakata kona mbele ya uso wako, hawakugusi. Ikifika Aprili hawapo, na mimi kila mwaka siku ya mwisho inanipita, naijua tu baadaye, nikitazama waya wa umeme na kuukuta wazi.

Kuna kijana wa darasa la tano anayezunguka mtaani kwetu na manati shingoni. Nilimvizia siku nyingi ili nimpe somo. Nilipomkamata karibu na ukuta wetu akaniamkia vizuri, "Shikamoo mama," nikamwonyesha kichaka nikamwambia humo kuna dudumizi, na usijaribu. Akanitazama kama anayemsikiliza mgonjwa. "Dudumizi hakai humo, mama. Humo anakuja kula tu. Anakaa kule kwenye magugu nyuma ya kisima, ana mayai mawili." Nikaenda. Yalikuwa mawili. Tangu siku hiyo somo nalipata mimi, na kwa kweli manati hajaiacha, ila kwenye kona yangu hapigi. Ndiyo makubaliano yetu, na sikuyapata bure, yalinigharimu mapapai.

Kuhusu dudumizi, watu wote wanajua akilia mvua inakuja. Ni yule wa sauti ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, du-du-du-du, ikishuka. Novemba iliyopita niliamua kuhesabu, nikaweka alama kwenye kalenda ya ukutani: wino mwekundu akilia, bluu ikinyesha. Mwisho wa mwezi nyekundu zilikuwa nyingi mno. Nilipomwonyesha mama mkwe akaniambia dudumizi hakosei, ila mvua ilinyesha Sengerema.

Siwadanganyi kwamba ndege ni baraka tupu. Kuzumburu wanakuja kundi zima na mikia yao ya mchirizi, wananing'inia kwenye papai lililoanza kuiva na kulifukua mpaka libaki ganda. Mwewe alinibebea vifaranga wanne wiki moja. Kunguru ameiba sabuni, ya kipande kizima, na mpaka leo sijaelewa aliitakia nini. Yangeyange wakifika mahali mtu ameanika dagaa, mwenye dagaa hawezi hata kwenda kujisaidia.

Lakini mwezi wa sita walitua kasuku wadogo kwenye lile jabali. Tisa. Kijani, uso rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na duara jeupe kuzunguka jicho kama waliovaa miwani. Mijusi wetu wenye vichwa vyekundu na viwiliwili vya bluu wakawapisha upande wa jua. Ndege hawa wanauzwa kwenye vizimba nchi za mbali, watu wanawapa majina ya watoto, na huko wanaitwa kwa jina la Mjerumani Gustav Fischer, ilhali kwao asili ni hapa hapa kaskazini mwa Tanzania, kusini mwa hili ziwa. Walikula mbegu za zile nyasi zangu za aibu kwa robo saa hivi. Nilikuwa na sufuria mkononi, sikuthubutu kuiweka chini.

Pevingi za kumalizia uwanja zilishushwa getini mwezi wa nane. Mume wangu anataka zifike mpaka kwenye tangi, mimi nimesema zisivuke kamba ya kuanikia nguo, na hatujafika mahali. Kwa sasa zimepangwa pale pale zilipowekwa, na mijusi wawili wamehamia katikati yake. Fundi alipiga simu tena juzi kuuliza aje lini. Nilikuwa nje na chai yangu. Sikupokea.