Kazi "imekamilika", data hakuna

Kinachoniudhi kwenye kipanga kazi cha Windows (Task Scheduler, kinachoendesha programu chenyewe kwa muda uliopanga) si kushindwa, ni kushindwa huku kikitabasamu. Skripti (programu fupi) ya kurekodi nguvu ya mawimbi ya modemu, ukiibofya mwenyewe, inaandika faili vizuri kabisa. Ipangie ijiendeshe kila baada ya dakika 5, asubuhi unakuta "0x0", yaani mambo safi, na faili halionekani popote.

Lipo. Limezama ndani ya System32, folda ya mfumo wa Windows wenyewe, kwa sababu usipojaza folda ya kuanzia, kazi huanzia huko. Akaunti ikikosa ruhusa ya kuandika humo, mara nyingi unaambulia "0x1", msimbo usiomwambia mtu chochote. Nani aliamua hivi? Na ukichagua kazi iendelee hata kama hujaingia kwenye akaunti yako, ile diski ya mtandao uliyoipa herufi Z haionekani tena. Andika njia kamili ya faili kila mahali, na kwa diski ya mtandao tumia jina la kompyuta yenyewe badala ya herufi, basi.

Ila kero kuu ni ile tiki iliyowekwa tangu mwanzo: kazi ianze tu kama kompyuta iko kwenye umeme wa ukutani. Jamani! Umeme ukikatika, modemu inabaki hewani kwa UPS (betri ya akiba), laptopu inakula betri, na mtandao ndiyo kwanza unaanza vituko. Hapo ndipo nataka kumbukumbu, na hapo ndipo rekodi inakoma. Halafu mtoa huduma anakuuliza, kwa upole kabisa: "Una ushahidi gani kwamba intaneti ilikatika saa mbili?"