Thibitisha Kwamba Umehama

Barua ya uhamisho wa mtumishi wa serikali haijui foleni. Imetoka asubuhi, mchana umeshaisaini, na ndani imeandikwa "uripoti mara moja." Mara moja! Fedha za uhamisho, hizo sasa, zinakuja kwa miguu na kupumzika kila penye kivuli.

Nimekwenda uhasibu kudai changu. Mhasibu kapekua faili, kanitazama juu ya miwani: "Uthibitisho kwamba ulihama uko wapi?" Jamani, si mimi huyu nimesimama mbele yake? Daftari la mahudhurio nalisaini mlango wa pili, na mshahara wangu anaupitisha yeye mwenyewe! Hapana, anataka stakabadhi ya lori. Nikatoa. "Haina muhuri." Dereva wa lori awe na muhuri, kwani yeye wizara?

Kituo cha zamani wanasema alipe aliyekupokea. Kituo kipya wanasema alipe aliyekuhamisha. Kila mmoja ana kanuni yake mkononi, anaisoma kwa sauti, na kila mmoja anakohoa akifika kwenye kifungu kinachonihusu.

Na yule afisa utumishi aliyeniambia "wewe hama tu, kila kitu kitarudishwa"? Eti maneno yake hayaifungi serikali. Kinacholipa ni kanuni. Yeye alikuwa ananitia moyo.

Basi nikaandika lalamiko, likapanda ngazi hadi kwa watu wa rufaa. Hao, nisiwasingizie, walisoma kweli. Wakaamua kituo kipya kilipe. Lori likapita, muhuri usio na maana wakaucheka kiserikali, kwa maandishi. Posho ya kujikimu ikapita. Mizigo ikapita kwa kilo zilizoruhusiwa, zilizozidi ni juu yangu. Na kilo zilizozidi ni kabati la vyombo, ambalo mimi binafsi nilitaka tuliache.

Tukafika ukurasa wa wategemezi. Mke, sawa. Watoto, sawa. Mama mkwe kapigwa mstari mwekundu: "Hatambuliki." Mama mkwe yule yule aliyekaa mbele na dereva, amepakata saa ya ukutani njia nzima, akimfundisha kubadilisha gia!

Nani wa kumwambia kwamba serikali haimtambui? Mwishoni wameandika kwamba nisiporidhika ninaweza kuomba mapitio. Mke wangu kapasoma hapo, anasema "ninaweza" wamekosea kuandika.