Akili mnemba milimani: vipimo kwanza

Mei 28, 2025, mto wa barafu uliporomoka na kufukia sehemu kubwa ya kijiji cha Blatten, kwenye milima ya Alps nchini Uswisi. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku tisa kabla, kwani mlima ulikuwa ukifuatiliwa kwa karibu. Februari 2021, huko Chamoli katika Himalaya ya India, mwamba na barafu vilishuka bila onyo. Watu zaidi ya 200 wakafa au kupotea, wengi wao wafanyakazi wa miradi ya umeme wa maji.

Wanaotaka akili mnemba ipelekwe haraka milimani wana hoja nzito. Wataalamu hawatoshi kukagua maelfu ya picha za setilaiti ili kujua ni ziwa gani la maji ya barafu iliyoyeyuka linalopanuka. Kompyuta haichoki. Simu nayo inaweza kutambua ugonjwa wa jani hata pasipo intaneti, na huko intaneti ni bahati.

Ila modeli, yaani programu ya akili mnemba, hujifunza kutokana na vipimo, na milimani ndiko vilikoadimika. Tazama GraphCast, modeli ya utabiri wa hali ya hewa ambayo Google DeepMind waliitoa mwaka 2023. Huigawa dunia katika miraba ya kilomita 28 hivi kila upande. Kwenye tambarare si neno. Himalaya, mraba mmoja hubeba kilele cha theluji, bonde la joto na vijiji ambavyo havipati mvua kwa siku ileile, na vyote hupewa jibu lilelile. Mkulima wa mteremkoni akilifuata, atapanda kwa mvua ya jirani. Setilaiti nazo huzibwa na mawingu. Rada hupenya mawingu lakini haioni mteremko uliofichwa na kilele.

Wapo wanaosema basi teknolojia hii isubiri. Siwaungi mkono, maana barafu haisubiri. Lakini pale Blatten, rada iliyoufuatilia mlima peke yake haikumhamisha mtu. Walikuwepo wanajiolojia wa kusoma dalili, viongozi waliothubutu kutoa amri, na barabara ya kutokea. Vijiji vingi vya mbali havina hata kimoja kati ya hivyo.

Fungu la fedha likiwa dogo, ningeanza na vituo vya kupima mvua na mito, pamoja na mshahara wa mwanakijiji wa kuvitunza, kwani betri hufa na theluji hufunika mitambo. Modeli ingefuata, ikiwa na cha kujifunzia.